Amu, Ng'ambo ya Mkanda

Mtoto wa Meru huisikia simulizi ya Mbwaa kabla hajajua kusoma. Hapo kale, husema wazee, tuliishi kisiwani Mbwaa, kando ya maji makubwa. Wakaja watu wa mavazi mekundu, Nguo Ntune, wakatufanya watumwa, kisha wakaanza kutudai mambo yasiyowezekana. Wakataka ndama anayekunya mavi meupe. Wakataka kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Wakataka mkuki mrefu wa kugusa mbingu. Mzee mmoja mwenye akili, ambaye wengi humwita Koomenjoe, aliyatatua madai ya mwanzo: ndama akanyweshwa maziwa matupu, kiatu kikakatwa kwenye ngozi inayoning'inia shingoni mwa fahali. Mkuki haukuwa na dawa, basi akawatorosha watu. Maji yakawapisha. Waliovuka usiku wakawa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakawa Ntune, wekundu. Waliovuka jua likiwa limetoka wakawa Njeru, weupe. Koo zetu bado hujitambua kwa rangi hizo tatu.

Jeffrey Fadiman, Mmarekani aliyewahoji wazee wa Meru mwishoni mwa miaka ya 1960 na baada ya hapo, alikielekezea kidole kisiwa cha Manda, kile kinachotazamana na mji wa Lamu. Wanahistoria hawajakubaliana naye wote, na mimi si mwamuzi wao. Lakini nimelelewa na simulizi hiyo, na kwa muda mrefu nilitamani kuyaona hayo maji kwa macho yangu, na kuuona mji ambao watu wake wenyewe huuita Amu.

Nilisafiri na rafiki yangu wa Runyenjes, Mwembu asiyeyumba katika asili yake. Kwao hakuna habari ya kuvuka bahari. Mwenendega, anasema, alimkuta Nthara mtoni, mzuri ajabu, akamwoa, na Waembu wakatokana nao. Kichaka chao kitakatifu kiko pale pale karibu na Runyenjes. "Nyinyi Wameru mlitoka mbali," aliniambia tukiwa njiani. "Sisi mto ulitupa papo hapo." Hatukubishana sana. Yeye alitaka kuiona Amu kwa sababu ya uzuri wake tu, na hiyo ni sababu inayotosha.

Kutoka mlimani hadi Amu ni safari ndefu: Meru, Chuka, Embu, Nairobi, Mombasa, Malindi, kisha Garsen. Watu wa kwetu huifikiria kama safari ya kwenda kwa wageni, lakini pale karibu na Garsen basi huuvuka mto Tana, na hapo nilimwomba rafiki yangu atazame nje. Maji yale ya rangi ya udongo ni yetu. Kathita unaopita mjini Meru, Thingithu, Mutonga, Thuci unaotenganisha Embu na Tharaka Nithi, Ena, na Rupingazi unaopita kando ya mji wa Embu, yote huishia Tana. Huko juu mto umezuiliwa kwenye mabwawa: Kindaruma la mwaka 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga la 1981, Kiambere. Umeme wake umewasha taa za nchi nzima. Kisha unateremka katika nchi kavu, unawanywesha mifugo wa Waorma na kumwagilia mashamba ya Wapokomo, na unaingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini, kusini kidogo ya visiwa vya Lamu. Sidhani kuna Mmeru au Mwembu aliyefundishwa shuleni kwamba mvua inayonyesha nyumbani kwake inaishia mlangoni mwa Amu. Ningependa wafundishwe.

Baada ya Garsen ni Witu, mji mdogo ambao mtu anaweza kuupita akiwa amelala, na itakuwa hasara. Hapa sultani Ahmed, aliyeitwa Simba, alijitenga na Zanzibar na mwaka 1885 akajiweka chini ya ulinzi wa Wajerumani kupitia ndugu wawili wa ukoo wa Denhardt. Wajerumani wakafungua hata posta yao mjini Lamu mwaka 1888. Mwaka 1890 wakawaachia Waingereza eneo hilo katika mapatano yaliyohusu Zanzibar na kisiwa cha Heligoland huko Ulaya. Kutoka Witu barabara inakwenda Hindi, kisha Mokowe, na huko Mokowe nchi kavu inakwisha. Anayekuja kwa ndege naye haepuki maji, kwani kiwanja cha ndege kiko Manda, na ni lazima apande chombo.

Tulipanda mashua gatini Mokowe pamoja na magunia ya viazi, mitungi ya gesi na akina mama wenye mabuibui. Kwa muda mfupi huoni kitu ila mikoko. Halafu mkondo unapanuka, na mji wote unajitokeza mkabala nawe, umenyooka ufukweni: kuta nyeupe, paa za makuti, roshani, minara ya misikiti, na mbele yake majahazi na mashua zimefungwa ubavu kwa ubavu. Nimeona miji mingi ya Kenya na mingi huupa mto kisogo. Meru umeupa Kathita kisogo, Embu umeupa Rupingazi kisogo. Maduka yanatazama barabara na maji yanapita nyuma, mahali pa kutupia taka. Amu umeyatazama maji tangu ulipojengwa. Uso wake uko mashariki, kwa hiyo kila asubuhi jua huchomoza juu ya Manda na kuumulika mji mzima kwa mara moja.

Watu wameishi hapa mfululizo kwa zaidi ya miaka 700, na ndiyo maana UNESCO iliuweka mji mkongwe wa Lamu katika urithi wa dunia mwaka 2001. Uzuri wake si wa kumbukumbu iliyohifadhiwa kwenye kabati. Watoto wanakwenda madrasa, punda wanabeba mawe ya matumbawe na mchanga, fundi anachonga mlango, mama anauza kaimati. Magari ni ya kuhesabu. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba punda aliyebeba mizigo akija, mtu hujibanza ukutani na kumpisha, na mwenye punda husema "Simila!" hata kama umeshasogea.

Nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani zilinifundisha kitu kuhusu ujenzi. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, na si kwa sababu ya mapenzi ya mjenzi. Dari inashikiliwa na boriti za mkoko, na boriti ina urefu wake. Chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko mti uliokizaa. Ndani, ukuta wa mwisho umejaa zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyochongwa safu juu ya safu, mahali pa kuwekea vyombo vya kaure vilivyokuja na merikebu. Nje, mlango una daka na baraza za mawe pande zote mbili. Mgeni asiye wa karibu hupokelewa hapo barazani, anapewa kahawa, anazungumza mpaka shughuli yake imalizike, na faragha ya nyumba haijaguswa. Ni adabu iliyojengwa kwa mawe.

Mji huu haukutawaliwa na mfalme. Kwa muda mrefu kabla ya mamlaka ya Oman, mambo ya Amu yaliamuliwa na baraza la wazee waliokutana Yumbe, na pande mbili za mji, Zena na Suudi, zilipokezana uongozi. Niliposimuliwa hayo nilifikiria Njuri Ncheke yetu, baraza la wazee wa Ameru ambalo lina makao yake Nchiru, na jinsi tulivyozoea kuambiwa kwamba sisi wa bara na wao wa pwani hatukuwahi kuwa na jambo moja. Hapa kuna jambo moja kubwa: watu waliokataa kumkabidhi mtu mmoja fimbo ya kuwachapa wote. Katika Makumbusho ya Lamu kuna siwa mbili, ya mji wa Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba, zilizopulizwa kwenye harusi na sherehe za wakubwa. Rafiki yangu alisimama mbele ya siwa hizo kwa muda, kisha akazungumzia coro, ile baragumu ya pembe ya tandala iliyowaita watu wa Embu kwenye mikutano na vita. Kila jamii ilikuwa na pembe yake, na kila pembe ilikuwa na watu wenye haki ya kuipuliza.

Ngome iko katikati ya mji, mbele yake uwanja wa Mkunguni ambapo wazee hukaa chini ya miti mikubwa. Ujenzi wake ulianza baada ya vita vya Shela, karibu mwaka 1813, na ukakamilika 1821 kwa msaada wa Seyyid Said, sultani wa Oman. Waingereza waliigeuza gereza, na ikabaki gereza hata baada ya uhuru, mpaka 1984. Leo ina maktaba na maonyesho. Lakini ngome yenyewe ni matokeo tu. Kisa chenyewe kiko Shela, mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu ukifuata pwani, na hicho ndicho kisa ninachotaka kukaa nacho.

Wakati huo Pate ulikuwa mji wenye nguvu na Amu ulikuwa chini ya kivuli chake. Pate uliungana na Wamazrui wa Mombasa, wakaja na majahazi, wakateremka ufukweni Shela wakitarajia kuuchukua mji kwa urahisi. Watu wa Amu walitoka kuwakabili, wakawasukuma nyuma. Wavamizi wakakimbilia vyombo vyao. Na vyombo vilikuwa vimekaa mchangani, kwa maana maji yalikuwa yamekupwa. Hapakuwa na pa kukimbilia. Waliuawa wengi mno ufukweni, na kwa vizazi kadhaa baadaye upepo uliendelea kufunua mifupa kwenye matuta ya mchanga. Pate haukuinuka tena kama zamani, Amu ukamwita Seyyid Said umlinde na kisasi cha Mombasa, na kwa mwaliko huo mlango wa pwani hii ukafunguliwa kwa utawala wa Oman. Historia ya Afrika Mashariki katika karne ya 19 iligeuka kwa sehemu kubwa siku ile, kwa sababu kundi la watu wenye silaha halikuhesabu saa za maji.

Nilisimama pale nikajiambia: Mmeru anaijua habari hii upande wa pili. Kwetu maji yalikupwa tukaokoka. Hapa yalikupwa watu wakaangamia.

Matuta hayo ya Shela yana siri nyingine, na kwangu ni kubwa kuliko ya vita. Chini yake kuna maji matamu. Mvua inayonyesha juu ya mchanga huzama taratibu na kukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini zaidi, na visima vinavyochota humo ndivyo vimeinywesha Amu. Manda, ng'ambo tu ya mkondo, haikujaliwa hivyo. Miji ya Manda, husemwa, ilikufa kwa kiu, na Amu ukabaki. Mtu aliyekulia kati ya Kathita na Thingithu, mahali ambapo mito ni mingi kuliko barabara, anahitaji muda kulielewa hili: mji mzima, misikiti yake, washairi wake, wafanyabiashara wake, vyote vimesimama juu ya mchanga uliohifadhi mvua. Kwa hiyo kila nyumba ya kifahari inayotaka kujengwa juu ya matuta ni jambo la uhai na kifo kwa watu wa mtaa wa Langoni wanaoteka maji kwa ndoo. Matuta yale yanastahili ulinzi mkali kuliko ngome.

Tulikodi mashua kwenda Takwa, upande wa kusini wa Manda. Nahodha alikuwa mzee wa maneno machache, na alituambia tuje mapema.

"Mzee, hatuwezi kwenda mchana?" nilimuuliza.

"Mchana hori ni tope, mwanangu. Takwa huendwa na maji, hurudiwa na maji."

Ndivyo ilivyokuwa. Tuliingia kwenye hori nyembamba, mikoko imetuzunguka, mizizi yake ikiwa chini ya maji, na tukateremka mwisho wake. Takwa ulistawi katika karne za 15 hadi 17. Msikiti wa Ijumaa bado umesimama bila paa, na juu ya ukuta wa kibla imeinuka nguzo ya mawe. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi jingine la nguzo la mwishoni mwa karne ya 17. Mibuyu imeota katikati ya nyumba. Husemwa kwamba visima viliingiwa na chumvi, na watu wakavuka kwenda kuanzisha Shela. Lakini hawakupasahau. Watu wa Shela bado huja Takwa kuomba mvua na kuwazuru wafu wao. Hapo rafiki yangu, ambaye alikuwa amekuja kwa ajili ya uzuri tu, alinyamaza. Waembu nao huijua ibada ya kurudi kwenye kichaka cha wazee kuomba mvua ikikawia.

Upande wa kaskazini wa kisiwa uko mji mwingine, wenye jina la kisiwa chenyewe, mkongwe zaidi. Neville Chittick alianza kuuchimba katika miaka ya 1960, akakuta vyombo vya udongo na vya vioo kutoka Uajemi na kwingineko vya karne ya 9, na ukuta wa bahari uliojengwa kwa mawe makubwa ya matumbawe. Yaani miaka zaidi ya 1,000 iliyopita kulikuwa na watu hapa waliokula kwenye vyombo vya Ghuba na kuuza pembe za ndovu na mikoko. Ni nani waliowabebea pembe hizo kutoka bara? Ni nani waliokata mikoko? Vigae vilivyochimbuliwa havisemi majina.

Kwenda Manda ya kale ni lazima upite Mkanda, na huo Mkanda ndio ulionileta. Ni njia nyembamba ya maji inayotenganisha kisiwa na nchi kavu, imebanwa na mikoko pande zote mbili. Vyombo vinavyokwenda Pate, Siyu na Faza hupita hapo, lakini si wakati wowote. Maji yakijaa, mashua inapita bila taabu. Yakikupwa, hasa wakati wa bamvua ambapo bahari hujaa sana na kukupwa sana, njia huwa tope na vidimbwi, na nahodha asiyejua hesabu hukwama hapo akingojea saa nyingi. Tulifika maji yakianza kuondoka. Nahodha alizima mtambo, akatuonyesha kwa pondo jinsi chini palivyokuwa karibu. Katika simulizi zilizokusanywa kwetu, maji ya Mbwaa yalikuwa na tabia ya kuondoka na kurudi. Utotoni nilidhani huo ni muujiza. Mtu wa mlimani hajui mto unaoondoka na kurudi. Pale Mkanda nilielewa kwamba mtu aliyebuni simulizi ile, au aliyeikumbuka, alikuwa ameiona bahari na kuijua vizuri. Hakuna anayeweza kuwaza kupwa na kujaa akiwa Nkubu au Maua.

Sisemi kwamba nimethibitisha chochote. Nasema kwamba simulizi ya wazee wetu, ambayo walimu wengine waliipuuza kama nakala ya habari za Musa na Bahari ya Shamu, ina ndani yake elimu ya mahali. Usiku, maji yamekupwa, watu wenye mizigo na watoto mgongoni, wanapita kwenye tope kabla bahari haijarudi. Wa kwanza gizani, wa pili kukipambazuka, wa mwisho mchana kweupe. Mkanda ni mahali ambapo jambo hilo linawezekana.

Na simulizi yetu ni ya utumwa, kwa hiyo siwezi kuusifu Amu nikaliruka hilo. Mashamba ya bara yaliyoulisha mji huu katika karne ya 19, mtama, ufuta, minazi, yalilimwa na watumwa, na nyumba zilizojaa zidaka zilijengwa kwa jasho lao. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Mji wenyewe haukubaki vile vile baada ya hapo, na mtu anayestahili kutajwa hapa ni Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija, akakaa Langoni upande wa nyumba za makuti, akawafundisha dini watoto wa watumwa na wa maskini ambao darasa za waungwana hazikuwakaribisha. Msikiti wa Riyadha alioujenga ni matunda ya kazi hiyo, na Maulidi yanayofanyika hapo kila mwaka, kwa matari, ngoma ya uta, mashindano ya punda na ya mashua, huwaleta watu kutoka pembe zote za Afrika Mashariki. Mtu aliyewafungulia mlango waliofungiwa amekuwa ndiye fahari ya mji. Hilo limenipendeza kuliko ngome na kuliko milango ya nakshi.

Jioni huko Amu ni ya ufukweni. Moshi wa mishikaki unapanda, viazi karai vinatolewa mafutani, mkate wa mofa unabandikwa, na muuza kahawa anapita na dele lake la shaba juu ya makaa. Kahawa ni chungu, nyeusi, yenye tangawizi, ndani ya kikombe kidogo kisicho na mkono, pamoja na kipande cha halua. Nilikunywa nikafikiria wazazi wetu. Katika miaka ya 1930, serikali ya kikoloni iliporuhusu Waafrika kupanda kahawa baada ya kuwazuia kwa muda mrefu, ilianzia Kisii, Embu na Meru. Tumelima kahawa karibu miaka 90, tumesomeshwa kwa kahawa, na nyumbani tunakunywa chai. Watu wa pwani ndio wanaojua kuinywa, kwa utulivu, barazani, na mazungumzo. Miraa ya Igembe nayo imefika hapa zamani, inaitwa mirungi, na kijana aliyekuwa akiiuza karibu na gati aliponisikia nikizungumza alinisalimia kwa Kimeru safi. Alikuwa ametoka Maua. Alisema ameishi Amu mpaka chakula cha kwao kinamshangaza.

Watu wa bara si wageni wapya Lamu. Mpeketoni, upande wa nchi kavu, imejaa familia zilizopewa mashamba tangu miaka ya 1970, na mnamo Juni 2014 mji huo ulishambuliwa na watu wengi wakauawa. Kwa miaka kadhaa baadaye hofu iliwafukuza wasafiri hata kisiwani. Mafundi na manahodha walikaa bila kazi. Msafiri aulize hali ya barabara kabla ya kuondoka, hilo ni la busara, lakini asiihukumu Amu kwa mambo ya mbali nayo.

Jambo jingine linakuja kutoka upande wetu. Mnamo Machi 2012 ulizinduliwa mradi wa bandari ya Lamu na njia ya kuiunganisha na Isiolo, Ethiopia na Sudan Kusini, na gati la kwanza likaanza kazi Magogoni mwezi Mei 2021. Isiolo ni jirani wa Meru, mwendo wa saa moja tu. Barabara hiyo ikikamilika na kuwa salama, kahawa, ndizi na miraa za mlimani zitafika baharini bila kuzunguka Nairobi na Mombasa. Nafurahia hilo. Lakini uchimbaji wa bandari uliharibu sehemu za kuvulia, na mwaka 2018 Mahakama Kuu huko Malindi iliamuru wavuvi zaidi ya 4,000 wa Lamu walipwe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Mwenye kusafirisha kahawa yake kupitia bandari ile akumbuke kwamba kuna mtu aliyepoteza mahali pa kutega wavu ili meli ipite.

Basi nawaambia wenzangu wa Meru, Embu, Chuka na Tharaka: nendeni Amu. Nendeni wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari, au wakati wa Maulidi kama mnapenda watu wengi. Vaeni kwa heshima, salimieni kabla ya kuuliza, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na msiwe na haraka barazani. Mkodishe mashua ya mwenyeji, mwulize nahodha saa za maji, mpite Mkanda yakijaa na mwombe awangoje muyaone yakikupwa. Nao wanaosimamia elimu kwetu wawapeleke wanafunzi huko, si Fort Jesus peke yake. Makumbusho ya Meru na Makumbusho ya Lamu yote yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya; naomba simulizi ya Mbwaa ipewe ukuta wake Lamu, mbele ya siwa, na ramani ya Mkanda iwekwe Meru, pamoja na majedwali ya kupwa na kujaa, watoto wetu waisome.